Alimpima njia mama, nasi tukanyamaza

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni dula, msindikizaji wa kina mama wanaojifungua, hapa Nairobi, mwaka wa nne sasa. Tuko saba, tunapeana kazi na kushikiana zamu mmoja akikwama. Mwezi uliopita mwenzetu alimsindikiza mama wa mimba ya kwanza. Akampima njia mwenyewe, nyumbani, kwa vidole, kuona imefunguka kiasi gani, akamwambia bado, asiharakie hospitali. Walifika getini mtoto anachungulia. Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Nilipouliza kwenye grupu ya WhatsApp nikaambiwa nina wivu wa wateja. Kuna pa kushtaki, au ninyamaze?
Dula, Kasarani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wivu! Hilo ndilo jibu la mtu asiye na jibu.

Dula hapimi njia, hapimi presha, hasikilizi mapigo ya moyo wa mtoto. Kazi yetu ni kusugua mgongo, kushika mkono, kumnywesha mama maji na kumkumbusha aulize anachotaka kuuliza. DONA International, chama cha madula kilichoanzishwa Marekani mwaka 1992, kimeliandika hilo bila kumung'unya. Mimi nilikuwa mkunga wa wodi miaka 19 kabla ya kazi hii. Vidole vyangu vinajua sentimita nne na sentimita saba. Lakini nikienda kama dula, vidole hivyo havina kazi.

Pa kushtaki ni pachache. Baraza la Wauguzi la Kenya linasajili wauguzi na wakunga, dula hayumo. Mwenzako akiwa na leseni ya uuguzi, mlango huo uko wazi. Akiwa na cheti cha chama chenye kanuni za maadili, kama DONA, malalamiko yanapokewa huko. Asipokuwa na hata kimoja kati ya hivyo, mmebaki nyinyi saba.

Na saba mnatosha, mradi msihukumiane kwenye simu. Kundi letu tuko watano. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakaa sebuleni kwa mmoja wetu, simu zote zimo ndani ya sufuria jikoni (kweli, sufuria). Kila mmoja anakuja na daftari la uzazi mmoja, lenye saa: nilipigiwa lini, nilifika lini, nilisema nini, sista alisema nini. Mama ameombwa ruhusa mapema na jina lake halitajwi. Msimulizi hakatizwi mpaka amalize.

Zamu yangu ya kwanza nilidhani nimekuja kufundisha. Nikasimulia, kwa madaha, jinsi nilivyomzuia daktari asimwekee mama dripu ya kuongeza uchungu. Mwenzangu mmoja, ningeweza kumzaa, akalivuta daftari langu. "Saa nane na dakika kumi usiku daktari anashauri dripu. Saa nane na robo wewe unakataa. Hapo katikati mama alisema nini?" Nikautafuta huo mstari. Haukuwepo. Sikuwa nimemwuliza. Nikamalizia chai iliyokwisha poa, na kesho yake nikamtafuta yule mama kumwomba radhi.

Kwa hiyo usianze na kesi ya mwenzako. Itisha kikao, weka ya kwako mezani kwanza, na uchague ile inayokuaibisha. Kabla ya hapo mwendee ana kwa ana umwulize kwa nini alipima. Huenda mama alimlilia, huenda kuna aliyemfundisha hivyo. Hayo hayamsafishi, ila mtajua mnazuia nini. Akirudia, acheni kumshikia zamu na kumpa wateja. Ndiyo adhabu mliyo nayo, na inauma mfukoni.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kila mama awe na msindikizaji anayemtaka anapojifungua, lakini kwetu bado unaingia wodi kwa hisani ya sista wa zamu. Mtoto mmoja akizaliwa getini, hisani hiyo inatutoka sote.

Jambo moja hukuniandikia: kuna aliyezungumza na mama? Pengine bado anadhani kupimwa njia na dula ni huduma aliyoilipia, na mimba ya pili ataidai. Mwenzenu amwendee, amwambie kwa kinywa chake kwamba hakupaswa. Akikataa, aende mmoja wenu wiki hii hii, na amuulize pia kama ana homa, maumivu ya tumbo au uchafu wenye harufu. Kikiwapo kimojawapo, amsindikize kliniki siku hiyo hiyo.