Kibao cha Chapwani: niliandika aya nane, watoto wakafuata paa

Kibao chetu cha kwanza kwenye makaburi ya mabaharia pale Chapwani, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, nilikiandika mimi, aya nane, na nilijiona msomi kwelikweli. Wanafunzi wangu wa skuli tuliwavusha kwa boti kutoka mjini. Wakasoma mistari miwili, wakaona paa wadogo vichakani, wakanikimbia. Sikuwalaumu.

Ukitaka kuweka kibao mahali kama hapo, kwanza kaa usikilize watu wanauliza nini. Nilikaa siku mbili, na swali likawa lile lile: "Hawa walikufaje, mbona wamezikwa kisiwani?" Kibao cha pili kikajibu: alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga hapa Unguja, mashine zake zikitengenezwa. Mizinga ya Mjerumani ilifika mbali kuliko ya mwenzake, na hawa ni mabaharia wa Pegasus waliouawa. Tukaongeza kwamba mzinga wa kila meli uko Fort Jesus, Mombasa. Mstari huo ndio watoto wanaounyooshea kidole.

Kabla hakijachapwa, nilimsomea mzee mmoja mvuvi. Akanikatiza: "Maalim, 'mashambulizi ya majini' ndiyo nini? Si useme Mdachi kaipiga meli?" Nikafuta. Kiswahili kikae juu, Kiingereza chini, hata kama mwenye boti atanuna kwa ajili ya watalii wake.

Mbao na rangi usijaribu. Chumvi na masika moja vilitumalizia cha kwanza. Tumia alumini na skurubu zisizoshika kutu. Kiinamishe, kiwe kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Kikae kando ya njia, kisimzibe mtu na kaburi. Na wanaoyatunza makaburi uwaombe ruhusa kabla ya jembe. Sisi tulichimba kwanza, tukafukia kwa aibu.

Chini ya kibao tumeacha nafasi wazi. Mzee yule babu yake alichukuliwa upagazi katika vita hivyo hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916, Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Unguja, alipoongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja kwenda bara. Babu huyo hakurudi, na kaburi lake halijulikani. Mstari wake nimeshauandika, maneno kumi na moja. Mzee anautaka hapo hapo Chapwani. Mimi nasema wapagazi wapate kibao chao mjini, gatini walikopakiwa. Wiki ya tatu hii tunabishana.