RNA ya nje ya seli: plazma yangu ina shida gani?

Swali: Nimezungusha plazma (majimaji ya damu) kwenye sentrifuji mara moja tu kwa 2,000 g (mara 2,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) nikaigandisha, baadaye nikatoa RNA, sasa naambiwa hiyo sio ya vesikali, vile vifuko vidogo vinavyotolewa na seli. Kwa nini?

Jibu: Chembe sahani, zile za kugandisha damu, bado zimo ndugu yangu, na ukigandisha hivyo hivyo zinapasuka zinamwaga RNA yao humo. Zungusha mara mbili kabla ya friza. Vesikali ndogo zinashuka kwa 100,000 g, ila kuna RNA imeshikwa na protini kama Ago2 na nayo inashuka kiasi, kwa hiyo weka proteasi (kimeng'enya kinachokata protini) kwanza halafu RNezi (kinachokata RNA), itakayobaki ndo ya ndani ya vesikali. Na angalia rangi jamani, plazma ikiwa ya pinki seli nyekundu zimepasuka, mimi huwa naitupa hata kama roho inauma.