Ubia na vyuo vya ng'ambo: faida ya wanafunzi wa afya iko wodini

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama chuo chenu cha uuguzi kitafaidika kwa lolote kikiingia ubia na chuo kikuu cha ng'ambo ili wanafunzi wa uuguzi, famasia na udaktari wajifunze pamoja, au kama ni utalii uliovikwa koti jeupe. Mwaka wangu wa mafunzo kazini ya famasia niliufanyia Eldoret, Kenya, na baadaye nimekuwa nikiwapokea wageni kama mkufunzi, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Ubia wa Chuo Kikuu cha Moi, cha huko Eldoret, na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulianza mwaka 1989, na mwaka 2001 ukazaa AMPATH, mpango wa kutibu VVU ambao baadaye ulipanuka hadi magonjwa mengine. Chuo Kikuu cha Purdue, nacho cha Marekani, kilijiunga kwa upande wa famasia. Umri huo una maana, kwa sababu mgeni anakuta raundi ya wodi ambayo tayari ina nafasi yake, naye hupangwa pamoja na mwenyeji anayeijua hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2010 kwamba elimu ya namna hii, ya taaluma mbalimbali pamoja, hutokea wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Semina hutimiza hilo neno la mwisho tu. Mawili ya kwanza niliyaona kitandani pa mama mmoja aliyekuwa akitumia dolutegravir, dawa ya VVU, akaongezewa dawa za kifua kikuu. Mwanafunzi mgeni wa famasia alieleza vizuri kwamba rifampicin, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, hupunguza dolutegravir mwilini, hivyo mgonjwa anahitaji kidonge kingine cha miligramu 50 baada ya muda wa saa kumi na mbili. Sote tulikubali, na daktari alikuwa keshashika kalamu, mwanafunzi wa uuguzi aliposema kwamba mume wa mama huyo hajui hali yake na kwamba kidonge cha saa tatu usiku kingemezwa mbele yake, yaani kisingemezwa. Tulikubaliana na mama mwenyewe ameze saa kumi na mbili asubuhi akielekea sokoni, na saa kumi na mbili jioni kabla ya kufunga kibanda. Hakuna kitabu cha famasia chenye habari hiyo. Alikuwa nayo yule aliyeketi na mgonjwa.

Sasa upande usiopendeza. Katika chuo kimoja nilichofundisha, washirika walituma ratiba iliyokwisha kupangwa kwao, na wiki zao ziliangukia mitihani ya wauguzi wetu, basi wageni wakazunguka na wanafunzi wa udaktari peke yao huku ripoti ikisema taaluma zote zilishiriki. Safari za kwetu kwenda kwao ziliahidiwa kwa maneno tu.

Kwa hiyo, kabla mkuu wenu hajatia saini, ombeni mkataba utaje idadi ya wanafunzi wenu watakaosafiri na nani atalipia viza na nauli, wauguzi wakiwemo, maana mara nyingi nafasi hizo huishia kwa madaktari. Kalenda ianzie kwenu. Na mkufunzi wa uuguzi awe na sauti sawa na daktari katika kuwapima wanafunzi wote, kwa kuwa mwanafunzi humsikiliza anayempa alama.