Maswali ya Wasomaji: Damu katika Macbeth ni Ishara ya Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajiandaa kwa mtihani wa fasihi, na kazi ninayoirudia sasa ni tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare. Niliandika kwamba dhamira yake ni tamaa ya madaraka na kwamba damu ni ishara ya hatia, lakini mwalimu alinisahihisha kwa neno moja tu: "Hujachambua." Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Hujakosea, ila umeishia njiani. Tamaa ya madaraka peke yake ni mada. Huwa dhamira pale unapoonyesha inamfikisha wapi mhusika. Ungeweza kueleza, kwa mfano, kwamba anayeua ili apate kiti hulazimika kuendelea kuua ili akikalie kwa usalama, kwani baada ya Macbeth kumuua Mfalme Duncan ili atawale yeye, hufuata Banquo, jemadari mwenzake, na baadaye mke na watoto wa Macduff, mkuu anayempinga; mama huyo na watoto wake hawakuwa wakigombea chochote.

Kwenye damu ndiko penye kazi zaidi. Zile orodha zinazokaririshwa, kwamba nyekundu ni hatari na nyeupe ni usafi, mimi sizipendi, kwa sababu humzuia mwanafunzi asione kwamba maana ya ishara hubadilika kadiri kisa kinavyosonga. Katika kitendo cha kwanza, onyesho la pili, damu inatoka kwa askari aliyejeruhiwa vitani, na mfalme anamsifu kwamba majeraha yake yanampa heshima; hapo hakuna hatia hata kidogo. Katika kitendo cha pili, Macbeth akiwa ametoka kumuua Duncan, anajiuliza kama bahari nzima itatosha kumsafisha mikono, ilhali mkewe anaona maji kidogo yanatosha. Ifikapo kitendo cha tano, mke huyohuyo anatembea usingizini akisugua doa ambalo hakuna mwingine anayeliona, na mumewe, ambaye tangu kitendo cha tatu alikwisha kusema kwamba amezama mno katika damu kiasi kwamba kurudi nyuma ni taabu sawa na kusonga mbele, ndiye aliyekuwa sugu. Wamebadilishana nafasi, na damu ndiyo inayotuonyesha hivyo. Tena angalia kwamba anayesugua mikono amelala, nawe utakumbuka Macbeth alisikia sauti ikisema ameua usingizi.

Kwa hiyo, unaporudia, tenga ukurasa mmoja kwa kila ishara, uandike inatokea wapi, nani anaitaja, na nini kimebadilika tangu ilipotajwa mara ya mwisho. Anza na jambia analoliona Macbeth hewani kabla ya mauaji: mwanzoni halina damu, kisha ghafla anaiona imetapakaa juu yake, na Duncan bado yu hai.