Maswali na majibu: Nani kasema imani haihoji?

Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mhadhiri wetu chuoni anasema imani ni kukubali jambo bila ushahidi. Nimjibuje? – Mwanafunzi, Dodoma mjini

Amina. Kwanza muulize hiyo maana kaitoa wapi. Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu ufufuo (1 Kor 15) hakuwaambia waamini tu. Alitaja mashahidi: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao walikuwa wangali hai, na Yakobo. Kisha akajifunga mwenyewe: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Asiyejali ushahidi haandiki hivyo.

Ila usivuke mpaka ukamwambia kwamba unaweza kuthibitisha kila kitu. Hapo ndipo vijana wengi wa vikundi vya maombi vyuoni wanapoumbuka. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alitenga mafungu mawili. Kuna mambo ambayo akili inaweza kuyafikia yenyewe, kama kwamba Mungu yupo. Kuna mengine ambayo tusingeyajua kama Mungu asingeyafunua, kama Utatu. Haya ya pili huyathibitishi. Kazi yako ni kuonyesha kwamba pingamizi zinazoletwa dhidi yake hazisimami, basi. Ukiyachanganya mafungu hayo utaanza kueleza Utatu kwa maji, barafu na mvuke, yaani kitu kimoja kinachobadili sura, na utakuwa umefundisha uzushi wa Sabellius ulioshakataliwa tangu karne ya 3, huku darasa linakupigia makofi.

Mithali 3:5 inakataza kuzitegemea akili zetu wenyewe. Mbona wewe unatuhimiza tufikiri? – Msomaji, Chamwino

Swali hili haliishi kuja, na kila anayelileta ameishia mstari wa tano. Shuka hadi wa saba: "Usiwe mwenye hekima machoni pako." Kinachokatazwa ni kiburi. Shuka tena hadi wa 13: "Heri mtu yule aonaye hekima, na mtu yule apataye ufahamu." Isitoshe, mstari huo unamhusu na mhubiri anayekusomea. Naye asizitegemee akili zake mwenyewe, ndiyo maana watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyosema Paulo ni kweli, nao wakasifiwa (Mdo 17:11). Kiongozi anayeulizwa matumizi ya sadaka akakimbilia Mithali 3:5, shida yake si teolojia.

Kama kila kitu kina chanzo, nani alimuumba Mungu? – Kidato cha tano, Singida

Hoja ya kuthibitisha kwamba Mungu yupo haisemi kila kitu kina chanzo. Inasema kila kinachoweza kutokuwepo hutegemea kingine, na vitegemezi vitupu, hata vikiwa vingi kiasi gani, havitoshi kueleza kwa nini kuna chochote. Halafu jueni kwamba Aquinas huyohuyo alikataa kuwa akili inaweza kuthibitisha ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo, alisema, twalijua kwa imani. Wanaomnukuu majukwaani wangemsoma kwanza.

Nadharia ya mlipuko mkubwa, kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na wa moto sana kisha ukapanuka, ni uongo wa wasioamini, sivyo? – Bahi

Aliyeitoa kwa sura yake ya awali, mwaka 1931, ni Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji. Swali linalofuata.

Tumsifu Yesu Kristo. Dada yangu anatumia ARV. Ameombewa, kisha akapima wingi wa virusi, karatasi inasema havionekani. Mchungaji anamwambia aache dawa, kwamba kuendelea ni kukosa imani. – Mpwapwa

Milele, amina. Asiache hata dozi ya leo. Kama ameshaacha, arudi kliniki kesho asubuhi na aseme ukweli ameacha tangu lini.

Virusi kutoonekana maana yake vimepungua katika damu hadi kipimo hakivifikii. Hiyo ndiyo kazi ya ARV. Vilivyobaki vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dawa ikikatishwa, kwa kawaida hupanda tena ndani ya wiki chache. Anayeacha na kurudi, akaacha tena, huvipa virusi nafasi ya kujenga usugu, na dawa iliyokuwa ikimfaa inaweza isimfae tena. Kwa hiyo karatasi ambayo mchungaji anaipunga kama ushuhuda ni matunda ya vidonge anavyovikataza. Anaipokea maabara inaposema anachotaka, anaikataa inaposema asichotaka.

Hezekia aliomba, Mungu akaahidi kumponya, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Fal 20:5–7). Dada aombe na ameze. Kanisa Katoliki nalo, kabla ya kukubali uponyaji kuwa muujiza katika kumtangaza mtu mtakatifu, huita madaktari waangalie kama matibabu yanaweza kuueleza. Muujiza wa kweli hauogopi kipimo.

Wenye wagonjwa wa kifafa, mmeambiwa pia. Kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokoma, nayo huua.

Tumefunga na kuombea mvua, mahindi yamekauka. Imani yetu ina kasoro? – Mkulima, Kongwa

Msijihukumu. Rafiki zake Ayubu walikuwa na majibu ya namna hiyo, na Mungu aliwakasirikia (Ayu 42:7). Kasoro itafuteni kwenye mbegu. Sehemu kubwa ya Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, milimita zipatazo 550 hadi 600 kwa mwaka, na katikati yake mvua hukatika, mara nyingi Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Yakikosa maji wakati huo hayabebi. Mtama huvumilia. Endeleeni kuomba, ila msimu ujao eneo kubwa liwe la mtama wa muda mfupi kama Macia, na matuta ya kukinga maji yawe tayari kabla Novemba haijaisha.