Barua kwa mwanangu: mtungi mlioupata na merikebu isiyo ya Mreno peke yake

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu salamu za mzazi, na baada ya salamu nakuarifu kwamba sisi huku Mji wa Kale hatujambo, ila joto. Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na wewe ukiwa katibu wa BMU yenu, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, hapo Nyali huwezi kurudi kikaoni na jibu nusu. Umenieleza kwamba wavu wa wenzako ulinasa kwenye kitu nje ya mwamba, ukapanda na mtungi mzito ulioota matumbawe pamoja na kipande cha ubao chenye msumari, kwamba baadaye amekuja bwana mmoja akiahidi pesa kwa yeyote atakayempeleka mahali hapo, na kwamba vijana wanasema, "Merikebu ni ya Mreno, Mreno alituchomea mji, sisi tumlindie nini?" Kisha ukaongeza la kwako: kama vitu hivi vina thamani kweli, kwa nini visitolewe vyote vikawekwa makumbusho, watalii wakaja, na vijana wakapata riziki?

Nianze na Mreno, maana hapo ndipo damu inapochemka. Vijana hawakukosea historia. Francisco de Almeida aliiteketeza Mombasa mwaka 1505, Nuno da Cunha akaja akaivamia tena mwaka 1528, na Ngome ya Yesu (Fort Jesus) ilipoanza kujengwa mwaka 1593 haikujengwa kwa ajili ya usalama wetu. Lakini hebu itazame vizuri merikebu tunayoijua kuliko zote katika maji haya, ile Santo António de Tanná iliyolala chini ya Ngome. Ilishushwa majini mwaka 1681 huko Bassein, pwani ya India, si mbali na Mumbai ya leo, na mbao zake ni za msaji. Ilikuja Mombasa kuwasaidia watu waliozingirwa ndani ya Ngome na Waomani tangu Machi 1696. Msafara wake ulipofika Septemba 1697, maradhi yalikuwa yamewamaliza karibu Wareno wote waliokuwamo, na aliyekuwa akiishikilia Ngome ni Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na watu wake, wanaume kwa wanawake. Baadaye kamba za nanga za merikebu hiyo zilikatika, ikasukumwa na maji hadi ufuoni upande wa maadui, ikapoteza usukani, na iliporudishwa chini ya Ngome haikudumu: ilizama tarehe 20 Oktoba 1697. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698.

Sasa waulize vijana wako, hiyo ni merikebu ya nani? Mbao ni za Bara Hindi, waliokuwa wakiisubiri ukutani ni watu wa Faza, waliokuwa wakiitupia macho kutoka ng'ambo ni Waarabu na Waswahili waliokuwa upande wao, na maji ilimozama ni haya haya ambayo babu yenu alikuwa akitega malema. Mreno alikuwa mwenye bendera. Mimi sioni sababu ya kumwachia na yaliyobaki, na mtu akiniambia kwamba kuyalinda mabaki yale ni kumtukuza Mreno, naona yeye ndiye anayemtukuza, kwa kumpa vitu ambavyo wengine wote hawa waliviwekea mikono.

Swali lako la pili ndilo ninalolijua zaidi, kwa sababu ya kazi niliyoifanya. Mabaki yale yalionwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1960, na mwishoni mwa miaka ya 1970 yakachimbuliwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na taasisi ya Marekani ya akiolojia ya majini, wakiongozwa na Robin Piercy. Maelfu ya vitu yalipandishwa: vyombo vya kauri vya Uchina, mitungi, mbao zilizochongwa, risasi za mizinga, vitu vya mabaharia vya kila siku. Mimi nilipoajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, kazi yangu haikuwa ya fahari. Nilikuwa nabadilisha maji. Kigae kilichokaa baharini miaka mia tatu kimenyonya chumvi hadi ndani. Ukikiacha kikauke, chumvi hugeuka chembe ngumu, chembe zikatanuka, na rangi nzuri ya juu ikaanza kubanduka kama maganda. Kwa hiyo hukilaza ndani ya beseni la maji, ukayamwaga, ukatia mengine, ukapima chumvi iliyotoka, ukarudia, wiki hadi wiki, hadi kipimo kitulie. Chuma ndicho kikorofi zaidi. Risasi ya mzinga ikiachwa hewani bila matibabu hutoa matone madogo ya kahawia, mtu akadhani ni unyevu wa Mombasa, kumbe ni chumvi iliyomo ndani inafanya kazi na hewa. Baada ya muda chuma hicho hujimenya tabaka baada ya tabaka, ukabaki na rundo la kutu ambalo hata kulishika huwezi.

Mbao nazo zina shida yao. Chini ya tope ambamo oksijeni ni haba, wadudu watoboao mbao hawaishi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya chini ya Santo António ilikutwa ipo. Lakini ndani ya mbao hizo nguvu imekwisha kutoka, kinachozishikilia ni maji tu. Maji yakikauka, ubao hujikunja, ukapasuka, ukapungua. Waswidi waliipandisha merikebu yao Vasa mwaka 1961, ambayo ilikuwa imezama mwaka 1628, na iliwalazimu kuinyunyizia dawa iitwayo poliethilini glaikoli kwa muda wa miaka 17 ili isisambaratike, na hadi leo inahitaji jumba lenye hewa inayodhibitiwa usiku na mchana. Nchi tajiri ilifanya hivyo kwa merikebu moja. Kwa hiyo wataalamu waliokuwa hapa kwetu walipomaliza kuupima na kuuchora mwili wa Santo António, waliufukia tena pale pale chini ya bahari. Hawakuuacha kwa uvivu, mwanangu. Wewe unaijua kazi ya samaki: huendi kuvua chewa wengi kuliko barafu uliyo nayo, kwa sababu uozo huanza pale samaki anapotoka majini. Cha kuuliza kabla ya kupandisha kitu chochote ni hicho hicho: barafu iko wapi, na nani atailipia miaka yote ijayo?

Ndiyo maana naona kulinda mabaki na kulinda samaki ni kazi moja, wala si mimi niliyeizua. Juya linalokokota chini na kung'oa matumbawe, ambalo sheria imelipiga marufuku lakini bado twaliona, ndilo hilo hilo litakalotawanya mitungi na kuvunja mbao. Nanga inayotupwa ovyo juu ya mwamba haichagui kati ya tumbawe na jungu. Mkiweka boya la kufungia vyombo mahali panapotembelewa sana, mmeokoa vyote viwili kwa kamba moja. Tena mabaki yenyewe huwa nyumba: waulize wapiga mbizi wa Bamburi na Shanzu wakueleze samaki waliohamia kwenye MV Dania tangu meli hiyo ilipozamishwa makusudi mwaka 2002. Watu wa Kuruwitu, hapo Kilifi, walipofunga eneo lao dogo la kama hekta 30 katikati ya muongo huo, walichekwa kwamba wamejinyima wenyewe; leo samaki wamerudi na watu wanatoka mbali kuwauliza walifanyaje. Huko Gazi nako, kikundi cha Mikoko Pamoja kimekuwa kikipata pesa tangu 2013 kwa kuuza hati za kaboni zinazotokana na mikoko iliyosimama, na pesa hizo zimekwenda kwenye maji na shule. Nataja hayo kwa sababu vijana wako wana njaa, na njaa haitulizwi kwa hotuba ya turathi. Sikubaliani hata kidogo na wakubwa wanaokuja kwenye mabanda ya samaki kusema "lindeni" halafu wakarudi afisini bila kuacha chochote. Kitu kinachoachwa mahali pake kinaweza kulisha, lakini lazima watu wa mahali hapo wawe ndani ya kazi hiyo tangu mwanzo, si kuitwa siku ya kupiga picha.

Nije kwa yule bwana mwenye ahadi. Msimpeleke. Kwanza sheria: kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, hakuna ruhusa ya kutafuta wala kuchimbua vitu vya kale bila leseni, na anayevikuta kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa. Ikiwa mahali hapo pako ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, basi na KWS, Shirika la Wanyamapori, nao wana neno. Pili, mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu turathi zilizo chini ya maji, ambao wataalamu kote duniani wanaufuata kama kipimo cha kazi safi, unasema kuacha mahali pake ndilo chaguo la kwanza kufikiriwa, na kwamba vitu hivyo havifanywi biashara. Mtu anayekuja na bahasha kabla hajaja na leseni amekwisha kukuambia yeye ni nani. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi: mtungi ukitolewa bila kuandikwa ulilala wapi, uliegemea nini, ulikuwa juu au chini ya ubao gani, umebaki mtungi tu wa kuuzwa, na hakuna atakayejua tena merikebu hiyo ilitoka wapi.

Angalia tofauti huko Ras Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mabaki yaliyotambuliwa huko mwaka 2013, karibu na ufuo na kwenye kina kifupi tu, yamekutwa na pembe za ndovu na vipande vya shaba. Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa na Filipe Castro wa Ureno wameeleza kwamba huenda ni São Jorge, merikebu ya safari ya mwisho ya Vasco da Gama, iliyozama mwaka 1524. Ona walivyosema: huenda. Hawajayatia jina kwa nguvu, wanaendelea kupima. Wangalikuwa wamekuta shimo lililokwisha kufukuliwa na wenye bahasha, hata hiyo "huenda" wasingaliipata.

Basi kuhusu mtungi wenu na ule ubao. Umesema uko kwenye banda, juu ya meza. Utoeni hapo leo. Tieni vyote viwili kwenye pipa la maji ya bahari, kila kimoja peke yake, vifunikwe visipigwe na jua, na msijaribu kuondoa matumbawe kwa kisu wala kuzamisha kwenye maji ya bomba. Hatua hiyo ina mpango wake na wenyewe wapo. Mahali paandikeni kwa alama zenu za nchi kavu, mnara upi umekaa juu ya mnazi upi, pamoja na hali ya maji siku hiyo, na karatasi hiyo ikae kwako na kwa mwenyekiti, si kwenye simu za watu. Ukishafanya hivyo njoo nayo Ngome, nitakuonyesha mlango wa wanaohusika na turathi za majini. Usitegemee wataalamu washuke kesho; hiki ni kipindi cha kusi, maji ni machafu, na watapenda kungoja kaskazi iingie ili waone wanachokishika. Muda huo utumieni kuandika barua ya BMU mkiomba mambo mawili: vijana wenu wawili au watatu wafundishwe kupiga mbizi na kuchora mabaki, na mahali pale pawekewe boya. Na siku ya kukabidhi, mwenyekiti auandike mtungi kwenye daftari lenu kwa maelezo na picha, nanyi mdai stakabadhi yenye muhuri kabla hamjauachia mkono.

Nisalimie wenzako wote, na mke wako umwambie achari yake imefika salama.

Ni mimi mama yako.