Kabla hujampeleka mama wa samaki kwa afisa mikopo

Nianze na nilivyoharibu. Mkaanga samaki mmoja wa Mbagala aliniomba nimsaidie kupata mkopo wa milioni moja, anunue friza. Nikakesha kwenye kompyuta, nikamtolea mchanganuo wa biashara wa kurasa kumi na mbili, una mpaka chati za rangi. Afisa mikopo akaufungua katikati, akauliza: "Mama, hapa umesema mtaji unazunguka mara ngapi kwa mwezi?" Mama akanigeukia mimi. Basi, habari ikaishia hapo. Kwenye daladala hakunisemesha mpaka Rangi Tatu, akashuka na kusema tu, "Mwanangu, yale maandishi yalikuwa yako."

Tukaanza upya na kaunta buku. Kila jioni, kabla ya kuosha karai, anaandika: nauli ya kwenda soko la Feri, samaki, mafuta, mkaa, mauzo, kilicholala. Wiki ya kwanza tu aligundua mafuta yanamla kuliko alivyodhani. Wateja wa kulipa kwa simu tukawahamishia kwenye lipa namba, maana kwenye namba yake ya kawaida pesa ya samaki ilikuwa inachanganyika na ya michango ya harusi. Baada ya miezi mitatu tukamwomba afisa aje yeye kijiweni. Akaja saa kumi na mbili jioni, akakuta foleni. Alipouliza maswali, mama alilamba kidole akafunua kurasa zenye madoa ya mafuta, akajibu mwenyewe. Mimi nilikuwa pembeni nakula kibua.

Alipewa laki sita. Milioni alikuwa anaitaka, ila daftari lilionyesha rejesho lake halifiki huko, na nadhani lilimwokoa.

Ukimtafutia mtu mkopeshaji, uliza leseni kwanza. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni za kukopesha zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wengi hawana cha kukuonyesha. Halafu uliza riba inapigwa wapi. Milioni moja kwa miezi sita, asilimia 3.5 kwa mwezi: ikipigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, riba ni 210,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, ni kama 126,000. Asilimia ileile!

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa wanawake na vijana ni lazima uwe kwenye kikundi kilichosajiliwa, na vikundi vya kuokotezana barabarani huvunjika pesa ikishaingia. Mama wangu wa samaki alikataa. Alisema hawezi kulipiana deni na watu asiojua hata wanaamka saa ngapi.